Mkaa wa vifuu: moto safi, lebo ya kubabaisha

Napika maharage ya kuuza hapa Temeke, kwa hiyo mkaa naujua. Huu mkaa mbadala uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi, unaouzwa kwa pakiti, sina ugomvi na moto wake. Haurushi cheche, sufuria haipati masizi mengi, na ukishakolea unatulia: maharage yanaiva, kisha nabandika chai juu ya makaa yale yale.

Kuwasha ndiyo kazi. Vipande vimeshindiliwa, vizito, vina tundu katikati. Usipotanguliza mkaa wa kawaida kidogo chini, utapepea mpaka mkono ufe ganzi. Majivu nayo mengi, yanaziba matundu ya jiko.

Sasa lebo. Jani la kijani, "rafiki wa mazingira", "asilia 100%". Nani kathibitisha? Alama ya TBS, shirika la viwango, sikuiona, wala hawasemi unga wa vifuu wameugandisha kwa kitu gani, wanga wa muhogo au udongo. Nikamuuliza muuzaji. "Dada, sisi tunauza tu." Na urafiki wote huo wa mazingira umefungwa kwenye plastiki!

Halafu wameandika "hauna moshi". Kweli, lakini msifunge madirisha: kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina moshi wala harufu, na inaua.

Bei imezidi kidogo ya mkaa wa kopo. Kwa maharage, makande au supu ya kongoro, nunua. Kwa chai ya haraka alfajiri, washa gesi.