Galaxy A15, Spark 20 na Redmi Note 13: ipi yahimili bahari ya Lamu?

Wauzaji wa simu hutanguliza kamera. Kwa mtu anayevuka kwa boti kwenda Mokowe, upande wa bara, kila siku, mimi hutanguliza tundu la chaja. Nimezitumia simu hizi tatu, za Samsung, Tecno na Xiaomi, hapa Lamu. Zote zina betri ya mAh 5,000, na kwa kukaa na chaji hazipishani sana. Zinapopishana ni kwenye maji ya chumvi na jua.

Redmi Note 13 ina kinga ya IP54 na Spark 20 ina IP53; IP ni daraja la kinga ya vumbi na maji, na tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji. Galaxy A15 haikupewa daraja lolote la kinga ya maji. Ile 3 ni manyunyu yanayotoka juu, hadi nyuzi 60. Ile 4 ni maji yanayoruka kutoka upande wowote. Kwenye boti wakati wa kusi maji hukupiga ubavuni, kwa hivyo nambari hiyo moja ina uzito. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na hakuna hata moja kati ya hizi ya kutumbukizwa.

Adui ni chumvi iliyokauka. Punje zake hubaki ndani ya tundu na kunyonya unyevu wa hewa, hata kama simu haikuguswa na maji siku hiyo. Usiku ukichomeka chaja, umeme hupita penye unyevu ule na shaba hugeuka kijani. Dalili ya kwanza ni waya kushika upande mmoja tu. Usipulize kwa mdomo, maana unaongeza mate. Mchele nao hauondoi chumvi, huacha vumbi. Zima simu, chovya brashi laini kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua polepole, kisha iache saa 2 mbele ya feni, tundu likitazama chini. Sindano usiiguse kabisa: ule ulimi wa katikati ni mwembamba, ukivunjika ni kazi ya fundi. Na fundi akishaifungua simu, mwambie arudishe gundi ya ukingoni, la sivyo ile IP54 imebaki kwenye karatasi tu.

Juani, Redmi ndiyo bora, A15 inaifuata. Zote mbili zina kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta hutoa mwanga wake, chenye pikseli 1080 kwa upana. Spark ni LCD, kioo kinachoangazwa na taa ya nyuma, ya pikseli 720, na ujumbe wa M-Pesa wenye herufi ndogo utausoma vizuri zaidi kivulini.

Umeme ukirudi kwa saa moja tu, Redmi yenye wati 33 hufaidi kuliko A15 ya wati 25 na Spark ya wati 18. A15 huuzwa bila kichwa cha chaja, kwa hivyo kihesabu kwenye bei. Hata hivyo, kwa anayekaa dukani au ofisini, mbali na maji, A15 ndiyo ningemnunulia: Samsung iliiahidi matoleo 4 mapya ya Android na miaka 5 ya marekebisho ya usalama, jambo la maana sana kwa simu inayobeba pesa.

Spark ina nafasi ya memori kadi yake peke yake juu ya laini mbili. Kwenye A15, ukiweka kadi unapoteza laini ya pili, na hapa wengi hutembea na Safaricom na Airtel pamoja.