Darasa la upendo wa Mungu mtaani Muyeye: masomo 6, daftari la Sh. 150, na jioni moja ya kurekebishwa

Darasa hili linastahili jioni sita za Mkristo yeyote, na hasa yule aliyekulia kanisani akadhani haya anayajua. Hufanyika Jumatano, saa kumi na moja unusu mpaka saa moja na robo, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa moja la Muyeye, Malindi. Kiingilio hakuna. Unacholipia ni daftari la fotokopi, Sh. 150, kurasa 28 zilizobanwa kwa pini, nawe unakuja na Biblia yako na kalamu. Kanisa hatulitaji, maana walimu ni watu wa kujitolea wanaopokezana zamu. Tunayoyapima ni masomo: yanasemaje kuhusu upendo wa Mungu, na yanamtaka mtu afanye nini akishausikia.

Kipimo tulichokitumia ni mpangilio. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, unasema Mungu ndiye aliyetangulia kupenda, sisi tunapenda kwa sababu hiyo. Somo linaloanza na wajibu wa binadamu, kisha likamleta Mungu mwishoni kama mlipaji, limepindua habari yote hata kama kila aya liliyoitaja imo kwenye Biblia. Hapa Malindi jambo hili halikai vitabuni. Tangu 2023, ilipoanza kufukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu, mzazi akisikia mwanawe anakwenda kwenye maombi ya kufunga huuliza: huyo Mungu wanayemhubiri huko ni wa namna gani? Darasa la upendo wa Mungu katika mji huu lazima liwe na jibu la swali hilo. Hili linalo, ukiiondoa ile jioni ya nne.

Somo la kwanza lina ujasiri wa kutoanza na Yohana 3:16, aya ambayo watu huikariri wakiwa wanawaza chakula cha jioni. Linaanza na Kumbukumbu la Torati 7:7-8, pale Israeli wanapoambiwa hawakuchaguliwa kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Walichaguliwa kwa sababu Bwana aliwapenda. Na kwa nini aliwapenda? Andiko linaongeza tu kiapo alichowaapia baba zao, halitaji sifa yoyote yao, na daftari, kwa bahati njema, halijaribu kuitunga. Kisha linahamia Warumi 5, ambako wanafunzi hupigia mstari hali tatu walizokuwa nazo watu Kristo alipowafia: hawana nguvu (5:6), wenye dhambi (5:8), maadui (5:10). Dakika 20 zinatosha kwa zoezi hilo, na atakayelifanya hatababaishwa tena na mhubiri anayesema Mungu ataanza kumpenda akishajitakasa.

Somo la pili ni Hosea 11: baba anamfundisha Efraimu, yaani Israeli, kutembea, anamshika mikono, mtoto anakua na kukimbilia Mabaali, miungu ya uongo. Hasira ya Mungu imo humo, tena kali, na walimu wengi huteleza hapa. Wapo wanaoiruka ili Mungu aonekane mpole, na wapo wanaoishikilia mpaka aya ya 8 na 9 zikose nafasi, pale Mungu anaposema hataitimiza hasira yake kwa kuwa yeye ni Mungu wala si mwanadamu. Daftari linakwenda sawa katikati ya hao wawili. Lina pengo moja tu: linataja Waebrania 12:6 kuhusu kurudiwa na Bwana, yaani kuadhibiwa ili mtu ajirekebishe, bila kusema kwamba anayeadhibu hapo ni Mungu, na kwamba aya hiyo haimpi mchungaji wala mume ruhusa ya kushika fimbo. Sentensi mbili zingetosha. Kuna pia matembezi ya Jumamosi kwenye kikanisa cha Wareno, kwa kuwa mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Pazuri, pana upepo, lakini kwa Hosea hapaongezi kitu. Mwenye shughuli zake asijilaumu akikosa.

Somo la tatu ndilo linalofanya tulipendekeze darasa zima. Ni Luka 15, na linaanzia mahali ambapo mahubiri mengi huparuka, yaani aya mbili za mwanzo: watoza ushuru wamekaa kumsikiliza Yesu, Mafarisayo na waandishi wananung'unika kwamba anakula nao. Mifano mitatu inayofuata inawajibu hao wanung'unikaji. Kondoo 1 kati ya 100, shilingi 1 kati ya 10, mwana 1 kati ya 2. Hasara inakaribia nyumbani kila hatua.

Halafu unakuja mkanda wa karatasi. Kila mtu hupewa kipande chenye urefu wa kiganja akaandika ile hotuba mwana mdogo aliyoipanga akilisha nguruwe (15:18-19), kwa sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Kisha wanasoma aya ya 21 na ya 22 kwa sauti, polepole, na wanaambiwa wachane karatasi pale baba anapoanza kuwaagiza watumwa walete vazi, pete na viatu. Karatasi inachanika baada ya sehemu ya pili. Ile ya tatu, ya kuomba kazi ya mshahara, inabaki mkononi haijasemwa. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri huuliza hapo: hicho kipande wewe umekiweka wapi? Ukumbi hunyamaza, maana Wakristo wengi bado wanatembea nacho mfukoni. Wanafunga, wanakesha, wanaimba kwaya, na moyoni wanajadiliana mshahara na baba yao.

Linaloharibu somo hili ni saa. Mwana mkubwa anawekewa dakika 10 za mwisho, ilhali waliokaa kwenye viti vile ni yeye: wazee wa kanisa, akina mama wa chama, wanakwaya. Ndiye anayehesabu miaka aliyotumika na mwanambuzi ambaye hakupewa (15:29). Na baba yule yule aliyemkimbilia mdogo anatoka nje kumsihi mkubwa pia (15:28). Apewe nusu ya kipindi. Mwalimu asiimalizie hadithi hii kwa mwisho wa kwake, kwa sababu Luka hasemi kama mwana mkubwa aliingia, na Farisayo aliyekuwa akisikiliza aliachiwa ajibu mwenyewe.

Sasa somo la nne. Kichwa chake ni kuitikia upendo kwa kutoa, na linafungua kwa Malaki 3:10, aya inayoagiza zaka kamili iletwe ghalani. Chini ya ukurasa kuna sentensi inayosema kiasi cha upendo wako kinaonekana kwenye bahasha, na chini yake namba ya kulipia kwa M-Pesa. Baada ya masomo matatu ya kumtoa mtu kwenye utumwa, jioni moja inamrudisha. Mama anayeuza mbaazi asubuhi na ambaye wiki hiyo hakupata faida anaondoka akijua Mungu anamdai. Tatizo halipo kwenye utoaji, maana Agano Jipya linauhimiza waziwazi. Tatizo ni kwamba daftari limeichukua aya moja likaacha jirani zake. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 linaagiza zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe ndani ya malango, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yaani mjane yule ni mlaji wa zaka, na somo limemgeuza mdaiwa.

Kulirekebisha ni kazi ya ukurasa mmoja. Mwalimu aanze na 2 Wakorintho 8:9, Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao, ndipo aende 8:12, mtu hutoa kwa kadiri ya alicho nacho wala si kwa asicho nacho, na 9:7, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kisha Marko 7:9-13, ambapo Yesu anawakemea wanaoita mali yao korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wazazi wao wasipate. Hiyo ya mwisho ina kazi kubwa Malindi: kijana anayepanda mbegu ya Sh. 5,000 madhabahuni huku mama yake kule Ganda hana dawa ya presha hajamwitikia Mungu wa darasa hili. Namba ya M-Pesa iondolewe ukurasani. Anayetaka kutoa anajua kikapu kilipo.

Somo hilo hilo lina nusu ukurasa kuhusu kufunga, na hapo uzembe hauvumiliki. Linasema funga mpaka moyo wako ujibiwe. Hapana. Iwekwe Isaya 58:6-7, ambapo saumu aliyoichagua Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula, na chini yake maagizo yasiyo na mafumbo. Saumu iwe na saa ya kuanza na saa ya kufungulia iliyotangazwa mapema. Watoto hawafungi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na aliye kwenye dawa za kila siku wasifunge bila kumuuliza daktari. Kiongozi akikataza maji, au akisema anayefungulia amemkana Yesu, ondoka pale na utoe taarifa kwa chifu au polisi siku hiyo hiyo. Mungu wa Hosea 11 anamlisha mtoto (aya ya 4), hamwachi afe ili athibitishe kitu.

Somo la tano, la kusamehe, linarudi kwenye kiwango cha la tatu kwa sababu ya hesabu. Mathayo 18:23-35: mtumwa anasamehewa talanta 10,000, anatoka nje na kumkaba mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua (Mathayo 20:2), na talanta ilikuwa na dinari 6,000 hivi. Daftari linaweka kibarua cha mjengo kuwa Sh. 600 kwa siku ili watu waone. Deni la mwenzake linakuwa Sh. 60,000, pesa ya kweli, inayouma, na ni vizuri mfano huu hauzifanyi kuwa ndogo. Deni la kwanza linakuwa Sh. bilioni 36, yaani kazi ya miaka 200,000 ukihesabu siku 300 kwa mwaka. Yule mtumwa aliahidi atalipa yote (18:26). Acheni watu wacheke hapo, kicheko hicho ndicho ufafanuzi.

Kilichokosekana ni onyo. Kila darasa la kusamehe huwa na mtu mmoja aliyepigwa nyumbani au kuharibiwa utotoni, na akiambiwa tu asamehe atarudi kwa anayemuumiza akidhani ndiyo utiifu. Mwalimu aseme mwanzoni, kabla ya kufungua Biblia: kusamehe hakufuti kesi, hakumlazimishi mtu kurudi ndani ya nyumba yenye hatari, na hakuhitaji kufanywa mbele ya kikundi. Namba ziandikwe ubaoni: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto. Zote ni za bure. Zoezi la kumtaja aliyekukosea kwa jina mbele ya watu lifutwe kabisa, kwa sababu Muyeye si kubwa na ikifika asubuhi jina limefika sokoni.

La sita ni fupi na linajitosheleza. Mambo ya Walawi 19 inasomwa nzima ili amri ya kumpenda jirani (19:18) isionekane imeanguka kutoka mbinguni peke yake: imezungukwa na kuacha pembe za shamba kwa maskini (19:9-10), na kutolaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi (19:13). Kwa mwenye fundi wa makuti darini, hiyo ndiyo ibada ya Jumatatu. Kisha Msamaria wa Luka 10: mafuta, divai, mnyama wake mwenyewe, dinari 2 kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kulipa itakayozidi. Kwa ile hesabu ya juzi ni Sh. 1,200 taslimu. Daftari linakumbusha kwamba aliyesaidia ni mtu wa dini iliyodharauliwa na wasikilizaji, na katika mji ambao sahani za Idi na za Krismasi huvuka uzio, walioko darasani hawahitaji kuelezwa zaidi. Kazi ya nyumbani ni karatasi ya wiki 4: tendo moja kwa wiki, kwa mtu mmoja, lisilotangazwa. Lisipigwe picha.

Kuhusu uendeshaji. Watu 8 hadi 12 ndio kiasi. Wakifika 15 mwalimu huanza kuhubiri na wawili hujibu kwa niaba ya wote. Swali la "mmeelewa?" huleta "amina" tupu, kwa hiyo mwalimu amwambie mtu aonyeshe kwa kidole aya anayoizungumzia. Shuhuda zizuiliwe kwa dakika 3, la sivyo saa moja itakuta bado mko kwenye ya kwanza. Msimu wa wageni, kuanzia Desemba, wafanyakazi wa hoteli hukosa kwa sababu ya zamu, basi wahudhuriaji wawe wawili wawili ili mmoja amsomee mwenzake alichokikosa. Ukumbi wa mabati wakati wa kaskazi ni tanuri, kaa upande wa dirisha. Stima zikipotea kuna taa moja ya sola, haitoshi kusomea kurasa za fotokopi hafifu, chukua simu yenye chaji. Chai ya tangawizi hutolewa saa kumi na mbili na nusu, viazi karai unanunua mwenyewe getini.

Zamu za walimu hubandikwa mlangoni Jumapili. Kabla ya kulipa Sh. 150, uliza nani yuko somo la 4. Kuna mmoja huacha ukurasa ule ulivyo, na kuna mwingine huufunika kwa karatasi yenye 2 Wakorintho 8.