Mche gani wa pesheni ununue Unguja na Pemba

Nianze na pesa yangu iliyopotea. Nilinunua mche mmoja wa pesheni, mrefu kunipita mimi, umejizungusha kwenye ufito na una ua moja tayari. Kijana aliyeniuzia akanambia, "Huu umeshakomaa, mama. Miezi mitatu tu, unakunywa juisi." Nikaubeba kwenye daladala nimeukumbatia kama mtoto mgonjwa, nikaupanda uwani. Ukatanda ukuta mzima, ukapanda mpaka bati la jirani. Maua kila siku. Tunda hata moja. Juisi ya futari mwaka ule nilitengeneza kwa pesheni za kununua Darajani.

Kosa langu halikuwa mbolea wala maji. Nilinunua mmoja. Pesheni ya manjano, ambayo ndiyo ya huku kwetu pwani, kwa kawaida haishiki tunda kwa chavua yake yenyewe. Inataka unga wa ua la mche mwingine. Nilipoelezwa hivyo nikajiona mjanja: nikakata tawi la mche uleule, nikaliotesha, nikapanda upande wa pili wa uwa. Mwaka mwingine ukapita. Tawi ulilokata ni mti uleule kwa jina la pili, na maua yake hayamsaidii mama yake.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kununua, bora kwanza na wa kuachwa mwisho, unaanzia hapo.

Ya kwanza: miche miwili au mitatu ya manjano, iliyooteshwa kwa mbegu. Kila mbegu ni mtu na tabia yake, ndiyo maana miche ya mbegu huoana. Bora zaidi ukichukua mmoja kitalu cha huku na wa pili kitalu cha kule, au umuulize muuzaji kama mbegu zake zilitoka matunda ya shamba moja. Ukiwa na nafasi ya mche mmoja tu, ongea na jirani apande wa pili. Nyuki hajali ukuta ni wa nani.

Sasa utajuaje kuwa ni wa manjano, na kwenye kiriba, ule mfuko wa mche, hakuna tunda? Tazama shina changa na vile vikono vinavyojishikia. Wa manjano huwa na wekundu fulani wa kuelekea zambarau kwenye shina, vikono na mishipa ya majani. Wa zambarau, ile aina ya bara, huwa kijani kitupu. Ndiyo, mambo yamegeuka: mwenye wekundu ndiye mwenye tunda la manjano. Na usiukatae mche kwa kuwa majani yake ni mazima, hayana ncha tatu. Majani ya utotoni ndivyo yalivyo, ncha huja baadaye.

Urefu usikudanganye kama ulivyonidanganya mimi. Chukua mche wa kimo cha goti hivi, shina limenyooka, jani la kijani kibichi. Nyanyua kiriba utazame chini: kama mizizi imetoboa na kuzunguka mara kadhaa, huo umekaa kitaluni muda mrefu na utasumbua ukishapandwa. Majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyojikunja ni dalili ya virusi. Mti wa namna hiyo huzaa matunda madogo, magumu, ganda nene na ndani hamna kitu. Dawa hakuna. Uache hapohapo, hata ukipewa wa bure.

Ukifika nyumbani, fikiria ardhi yako kabla ya kuchimba. Wenye udongo wa kinongo, ule mwekundu wenye rutuba, watu wa Kizimbani na Dole, na sehemu kubwa ya Pemba, hamna shida: shimo la nusu mita, samadi iliyooza vizuri, basi. Wa maweni, Makunduchi, Jambiani na kwengineko, mtahitaji kutafuta mahali penye udongo kati ya mawe au kujaza pipa la nusu lililotobolewa chini. Tena angalieni maji. Pesheni haipendi chumvi kabisa, na visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi; ukimwagilia hayo, majani yanaungua pembeni na unadhani ni ugonjwa. Panda mwanzoni mwa masika ili mvua ikufanyie kazi, kwenye upande uliokingwa na upepo wa kusi. Udongo wa shinani uinuke kidogo kama kichuguu, maji yasituame, na matandazo yasigusane na shina, kwani linaoza kwa chini.

Chanja iwe imara kuliko unavyodhani. Boriti mbili na waya juu kwa kimo cha mita mbili hivi zinatosha kwa nyumba, ila mchwa wakizila, mti wote unakuja chini na mzigo wake, na hiyo huwa ni wakati wa matunda. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi ipunguze. Utapata majani ya kulisha mbuzi. Baada ya kuvuna, pogoa, kwa sababu tunda linashika kwenye tawi jipya. Na mkasi uoshe kabla ya kuhamia mti mwingine, maana virusi husafiri na mkasi.

Miezi kama tisa hivi, pengine zaidi, utaona maua, na hapa ndipo patamu. Ua la pesheni ya manjano hufunguka kama saa sita mchana na kujifunga usiku. Ndani lina vifuko vitano vya unga, na juu yake vichwa vitatu vya kupokea. Likifunguka tu, vichwa hivyo vimesimama wima. Baada ya kama saa moja vinainama kushuka kwenye unga. Vikishainama ndio wakati. Chuma ua la mche wa kwanza, lisugue juu ya vichwa vitatu vya ua la mche wa pili, kisha fanya kinyume chake. Mvua ikipiga muda mfupi baadaye, unga unaharibika. Rudi kesho na maua mengine. Kazi hii hufanywa na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za paa, ambaye sote tumekuwa tukimfukuza kwa ufagio. Nyuki wa asali ni mdogo, mara nyingi anachukua unga na kwenda zake bila kugusa vichwa. Tangu nijue hilo nimemwachia mweusi boriti yake moja ya chooni.

Kutoka ua mpaka tunda kuiva ni miezi miwili hadi mitatu. Usilichume. Liache lianguke lenyewe, liokote asubuhi kabla kuku hawajafika, na likijikunja kidogo ndani ya siku mbili tatu, utamu umezidi.

Ya pili: tunda lenyewe. Kwa asiyekuwa na haraka, hii ni karibu bure. Nunua matunda mawili ya manjano yaliyoiva sana, kutoka kwa wauzaji wawili, Mwanakwerekwe na Jumbi mfano. Sugua mbegu kwenye chujio mpaka ule utando utoke, zipande zikiwa bado mbichi. Mbegu mbichi huota katika wiki mbili hadi nne. Ukizihifadhi, zinachelewa na nyingine hazioti. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kungoja tu, na kwa sababu watoto huchimbua kuangalia kama zimeota.

Ya tatu: mche wa tawi lililokatwa. Unazaa mapema kuliko wa mbegu, na ukiujua mti mama kuwa ni mtamu, utapata utamu uleule. Ila beba angalizo langu la mwanzo: matawi kumi ya mti mmoja hayatakupa tunda yakiwa peke yake. Tena tawi hurithi virusi vya mama, wakati mbegu kwa kawaida hairithi. Ninunue? Ndiyo, mmoja, kuuongeza kwenye miche ya mbegu.

Ya nne: mche uliobebeshwa, zambarau juu ya shina la manjano. Fundi akikutolea huu atakwambia ni wa kisasa, na bei yake itasema hivyo hivyo. Una maana yake bara, kwenye nyanda za juu, ambako pesheni ya zambarau huuawa na ugonjwa wa mnyauko wa udongoni, na mizizi ya manjano huuvumilia. Huku sehemu ya juu itabaki kuwa zambarau, inayotaka baridi ya milimani, katika joto letu, na umelipa zaidi.

Ya mwisho: zambarau mtupu. Ninaelewa mtu anayeutaka. Lile tunda dogo tamu la Darajani halina mfano. Lakini hilo hulimwa milimani, mita elfu na zaidi juu ya bahari, na Unguja nzima haina kilima kinachofika mita 200. Wala usiununue eti uwe mwenza wa ule wa manjano ulionao. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya saa sita, wakati la manjano ndiyo kwanza linaamka, hayakutani. Kwa hiyo ukiwa na shaka mbele ya muuzaji, muulize ua la mche wake hufunguka saa ngapi. Akikwambia asubuhi, uache. Akikwambia adhuhuri, uliza kama anao wa pili kutoka mama mwingine.