Historia au anthropolojia: shahada ya kwanza usome ipi?

Zote mbili zinamchunguza binadamu, ila kazi za kila siku za fani hizi hazifanani. Mwanafunzi wa historia anashinda na nyaraka: barua, madaftari ya kodi, kumbukumbu za mahakama. Anajifunza kuihoji karatasi. Nani aliiandika, kwa faida ya nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Daftari la kodi linaweza kumtaja mwenye nyumba tu, wapangaji wake wasionekane popote.

Anthropolojia inakutoa nje. Tangu mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alipokaa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea ya leo, kati ya 1915 na 1918, kuishi na watu na kujifunza lugha yao ndiyo njia kuu ya fani hii. Hapo chanzo chako kinakujibu, kinakukatalia, hata kinakugeuzia swali, na huwezi kuandika habari zake bila ridhaa yake.

Mwenye subira ya maktaba aende historia. Lakini chuo kikikuruhusu kuzichanganya, zichanganye! Mwanahistoria Jan Vansina alisomea historia ya Ulaya ya zama za kati, kisha miaka ya 1950 akafanya utafiti wa kianthropolojia kwa jamii ya Wakuba huko Kongo, akaonyesha kuwa masimulizi ya mdomo nayo yanaweza kupimwa kama ushahidi wa kihistoria.