Bastola ya mtumba kwenye hewa ya chumvi: miaka minne na Browning yangu

Nianze na kidole gumba. Ukiona kovu dogo jeupe kwenye nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, mkono wangu wa kulia, usidhani ni panga. Ni nyundo ya bastola yangu mwenyewe. Slaidi, yaani chuma cha juu kinachoteleza, inaporudi nyuma baada ya risasi kutoka, nyundo inashuka na kung'ata ngozi pale pale. Mimi nina mikono minene ya mtu aliyebeba saruji ujana wake wote, kwa hiyo siku ya kwanza uwanjani nilipiga risasi ishirini nikaondoka na leso imelowa damu. Mkufunzi alicheka tu. "Hiyo ndiyo salamu yake, mzee. Imeshakufahamu."

Shemeji yangu wa Lindi anataka kununua ya aina hii hii, na kila akipiga simu ananiuliza swali moja: "Shem, ni nzuri?" Nimechoka kumjibu nusu nusu. Jibu refu ni hili.

Nina duka la bati na vifaa vya ujenzi Chikongola, Mtwara mjini, na tawi dogo Tandahimba. Anayejua kusini anajua korosho zinavyotuendesha. Minada ikianza Oktoba, wakulima wakishalipwa kupitia benki, kitu cha kwanza ni bati, cha pili pikipiki. Desemba tawi linajaa watu wenye noti mkononi, na jioni noti zile ni zangu mimi, ziko kwenye droo, katika mji ambao kila mtu anajua nimeuza nini. Wengi sasa wanalipa kwa simu, lakini miaka ile hawakuwa wengi. Ilibidi mtu apakie fedha garini aje nazo Mtwara, na lami wakati ule ilikuwa inaishia Mnivata. Kabla ya hapo ni vumbi, mikorosho pande zote, na mtandao unaokuja na kwenda. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Bastola niliinunua Dar kwa muuzaji mwenye leseni. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyeamua kuachana na silaha, akaiacha pale iuzwe. Kwenye kaunta zilikuwepo tatu: ya Kituruki mpya kabisa iliyonuka mafuta, Tokarev ya Kirusi iliyochoka, na hii. Tokarev ilikuwa nafuu kuliko hii kwa laki sita, ila muuzaji mwenyewe alikiri kwamba risasi zake hupatikana kwa kubahatisha. Hii inakula milimita 9 za kawaida, ndizo rahisi kupatikana kuliko zote. Niliinyanyua, nikasoma maandishi ubavuni mwa slaidi, yaliyochakaa lakini yanasomeka: Fabrique Nationale, Herstal, Belgique. Nikashikwa hapo hapo. Bei ilikuwa shilingi 2,200,000. Nikijitazama leo naona nilinunua kama mtu anayenunua saa ya babu, kwa macho.

Na historia yake kweli inavutia. John Browning, Mmarekani yule aliyebuni silaha nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzihesabu, aliianza kazi hii akafariki mwaka 1926 akiwa Ubelgiji, kabla hajaimaliza. Aliyeimalizia ni Mbelgiji, Dieudonné Saive, na ikatoka mwaka 1935 kwa jina la High Power. Magazini yake inabeba risasi 13, wakati bastola ya jeshi la Marekani ya enzi hizo ilibeba saba. Vita vya Pili vilipokuja, Wajerumani wakakiteka kiwanda cha Herstal na kuendelea kuitengeneza kwa ajili yao, huku kampuni ya Inglis kule Toronto, Kanada, ikiwatengenezea wapinzani wao. Bastola moja, pande zote mbili za vita! Majeshi zaidi ya hamsini yameitumia. Waingereza walikaa nayo miongo mingi, wakaanza kuiacha mwaka 2013 walipochukua Glock. Ndiyo maana za mtumba zimetapakaa duniani.

Sasa shida. Silaha iliyotoka jeshini imeshikwa na watu wengi, na hilo utalijua kwenye namba yake ya utambulisho. Yangu ilikuwa na tarakimu moja iliyolika kwa kusuguliwa na ala ya ngozi, ni 3 lakini ukiitazama kwenye mwanga hafifu ni 8. Muuzaji aliandika 3. Ofisi moja iliyokagua ikasoma 8. Faili langu, ambalo lilikuwa limeshapita serikali ya mtaa, polisi na kamati ya usalama, likarudi nyuma kama mchezo wa nyoka na ngazi. Miezi mitano, shem. Nilikwenda na kioo cha kukuzia cha binti yangu wa sekondari, nikamwambia afande aliyekuwa zamu, "Naomba tutazame wote wawili." Alitazama, akageuza, akatazama tena, akasema wino umeshakauka na aliyeandika amehamishwa. Kilichoniokoa ni kwamba mtutu nao una namba ile ile, ukiufungua, na pale haijalika. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, mwambie muuzaji aifungue mbele yako na mlinganishe namba za mtutu, slaidi na kiunzi. Zisipofanana, rudi nyumbani.

Mengine ya sheria sitayarefusha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, isome. Utapimwa kama unajua kutumia, utaulizwa kwa nini unaitaka, na watakuja kuona kasha la chuma limefungwa wapi. La kwangu lilinigharimu laki nne na nusu na fundi wa kulifunga kwenye zege. Mama watoto alilitazama akasema, "Jiko langu naliomba mwaka wa tatu."

Uwanjani, ukishazoea kung'atwa, ni raha. Mpini wake unaenea mkononi kuliko bastola yoyote niliyowahi kuazimwa na mkufunzi, na uzito ule wa chuma kitupu, karibu kilo moja ikiwa imejaa, unatuliza mkono. Mita kumi na tano naweka risasi zote kwenye sahani ya chai. Ila mwanzoni ilinitia aibu: ganda lilikwama mara mbili katika risasi hamsini. Ni springi, zilikuwa zimechoka. Fundi mwenye kibali akabadilisha ya slaidi na za magazini, na tangu hapo haijakwama. Jihadhari tu na vipuri, kwa sababu Wabelgiji walisimamisha kuitengeneza, na hii High Power waliyoitoa upya mwaka 2022 ni muundo mwingine, vipuri vyake havikai kwenye ya zamani. Kinundu cha kulengea ni kidogo kama punje ya mtama, kwa macho ya miaka hamsini na mbili ni mtihani. Lachi ya usalama nayo ni nyembamba, inateleza ukiwa na jasho.

Kitu kimoja wengine wanakichukia: ukichomoa magazini, haifyatuki, hata kama kuna risasi ndani ya chemba. Kifaa hicho kinaifanya triga iwe nzito na ya kukwaruza. Jamaa mmoja alinishauri nikitoe. Nilikataa, na bado kila siku naichungulia chemba kwa macho yangu kana kwamba kifaa hakipo.

Mtwara kuchele, wanasema, lakini chumvi huwa imeamka kabla yetu. Naishi Shangani, bahari naisikia usiku. Bati ninazouza mwenyewe naziona zinavyooza mitaa hii, sijui kwa nini sikufikiria chuma cha Mbelgiji kitakuwaje. Rangi nyeusi ya jeshi ilikuwa imeshatoka kwenye kona zote, chuma kiko uchi. Mwezi wa pili nilifungua kasha nikakuta unga wa kahawia, laini kama iliki iliyosagwa, kando ya slaidi. Nikafungua skrubu za mpini, nikainua ubao: chini yake vishimo, vitatu vikubwa, vimejaa kutu ya miaka, mingine pengine ya kabla mimi sijazaliwa. Jasho la wanajeshi nisiowajua. Nilikaa mezani na mswaki na mafuta ya cherehani hadi adhana ya alfajiri. Ya Kituruki iliyokuwa kaunta siku ile ilikuwa na rangi ngumu ya kisasa, isingenifanyia hivi.

Na barabarani? Hapa ndipo shemeji anapotaka kusikia habari nyingine. Januari moja, saa mbili usiku, nimevuka Nanyamba nikakuta tawi la mkorosho limelazwa katikati ya njia na vijana watatu wamesimama kwenye taa zangu. Fedha ziko chini ya kiti. Bastola iko kiunoni, chini ya mkanda wa gari na shati. Hii ni silaha ya nyundo: lazima uwe umeikoki, yaani nyundo imevutwa nyuma, ndipo ipige, na mimi siku zote natembea chemba ikiwa tupu, kwa hiyo inahitaji mikono miwili kuvuta slaidi. Mkono mmoja uko kwenye usukani. Nilivuta shati, mkanda ukanibana, nikaupata mpini kwa vidole viwili. Wakati huo kijana mmoja ameshafika dirishani.

"Mzee wa bati! Shikamoo! Ni wewe? Mungu mkubwa!"

Mwenzao alikuwa ameanguka na pikipiki, mguu umevunjika chini ya goti, wameweka tawi ili gari lisimponde. Nilijibu marahaba na vidole bado viko kwenye mpini. Tulimpakia kiti cha nyuma, nikageuza gari. Njia nzima yule wa dirishani, ambaye nilimuuzia bati thelathini mwezi uliotangulia, ananishukuru, na mimi siwezi kumjibu kwa sababu kinywa kimekauka. Ningekuwa mwepesi kwa sekunde nne tu.

Msimu uliofuata nilipunguza bei kwa anayelipa kwa simu, na fedha taslimu zinazobaki zinaingia kwa wakala wa benki pale pale Tandahimba kabla jua halijazama. Natoa makato, nalalamika, nalipa. Bastola haijatoka Mtwara tangu hapo isipokuwa kwenda kupigia shabaha na kukaguliwa.

Kwa hiyo, shem: kwa shabaha, nyota nne. Kwa mtu anayeendesha gari na fedha, mbili, na mojawapo ni ya mpini. Kwa anayeishi karibu na bahari, njoo kwanza uone kazi yake. Leo Jumapili nimefungua kasha, na vile vidonge vya kunyonya unyevu vilivyokuwa bluu wiki iliyopita vimekuwa vya waridi tena. Nimevimwaga kwenye kikaango cha zamani, moto mdogo, na mama watoto amesimama mlangoni anauliza kama hicho nacho ni chakula.