Usukani wa joto Arusha: joto nililipata, honi na eabegi vikaondoka

"Mama, wewe unaendesha gari au unaendesha taa?"

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na fundi umeme wa gereji moja hapa mjini, mbele ya vijana wake waliokaa kwenye matairi, na wote wakaangua kicheko. Nilikuwa nimeuliza kitu kimoja tu: kwa nini taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga kifua wakati wa ajali, imewaka na haizimi, wakati gari niliwaletea likiwa halina taa yoyote? Mpaka leo nikipita barabara ile damu inanichemka.

Watu wa Dar najua mtashangaa mtu wa Tanzania anatafuta usukani wa kupasha moto. Njooni Ngaramtoni mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, Meru haionekani kwa wingu na ukungu umeshuka mpaka barabarani, halafu mshike ngozi ya usukani uliolala nje usiku kucha. Mimi nina baridi yabisi ya vidole. Kazi yangu ni kupeleka mboga na mayai kwenye hoteli za Karatu, na kuna siku napandisha hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za kipupwe vidole vilikuwa vinagoma kukunja kona. Glavu nimevaa sana, usukani unateleza. Kile kifuniko cha kuvalisha chenye waya wa kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti nilikikataa palepale dukani, maana ukikata kona waya nao unajizungusha kwenye mkono.

Basi nikasikia kuna gereji inafunga nyaya za kupasha chini ya ngozi ya usukani, swichi inakaa pembeni ya dashibodi, kila kitu kinafichwa. Gari langu ni Toyota RAV4, ile inayoitwa Kilitime. Nikalipa karibu laki tatu, ngozi ikashonwa upya, na kusema kweli mshono ulikuwa safi kabisa, hata leo siwezi kuusema vibaya.

Na asubuhi ya kwanza! Niliwasha swichi nikiwa bado getini. Kabla sijafika Kisongo joto lilikuwa limepanda kwenye viganja, likaingia kwenye maungio ya vidole, yale mawili ya mkono wa kulia yanayonitesa zaidi, na yakalegea. Niliendesha mpaka Makuyuni sijasikia maumivu. Nilimpigia dada yangu Machame nikamwambia auze mbuzi naye akafunge. Kama ningeandika maoni yangu wiki ile, ningeimwagia gereji ile sifa zote.

Mambo yaliharibikia Mto wa Mbu. Pale mnapajua, ndizi huku, bodaboda kule, watoto wa shule katikati. Kijana wa baiskeli aliyebeba mikungu miwili ya ndizi akaingia barabarani bila kugeuka. Nikabonyeza honi. Kimya. Nikabonyeza tena kwa ngumi, kimya. Nilikanyaga breki trei za mayai zikaja mpaka mbele, na yule kijana akapita hajui hata kama nilikuwepo. Ndipo nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua inatoka katikati ya usukani. Na taa nyekundu, yule mtu aliyekaa mwenye duara mbele ya kifua, ikawaka kwenye dashibodi.

Nikawarudishia gari. Hakuna pole, hakuna "tuangalie mama." Walichonifanyia ni kunifungia kitufe cha honi chini ya dashibodi, kile kile cha kengele ya mlangoni, nyaya zikiwa zimeunganishwa kwa tepu. Yaani mtoto akikatiza barabara niache usukani, niiname, nitafute kitufe. Nilipouliza habari ya taa, ndipo nikapewa lile jibu la kuendesha taa. Nikasema siondoki. Wakalipeleka gari nyuma ya banda, nikanywa chai mpaka ikaisha, wakalirudisha. Taa imezima. "Haya mama, furahi."

Sikufurahi, kwa sababu gari langu nalijua. Ukizungusha ufunguo kabla hujawasha injini, taa ya eabegi lazima iwake kwa sekunde chache, mfumo ukijikagua, kisha izime yenyewe. Hivyo ndivyo gari linavyokwambia mfuko uko tayari. Sasa nazungusha ufunguo, taa ya betri inawaka, ya oili inawaka, ya eabegi haiwaki kabisa. Nazungusha tena, giza. Taa ambayo haijawaka kabisa ni mbaya kuliko iliyokataa kuzima.

Nililipeleka Moshi kwa mzee mmoja ambaye shemeji yangu anamwamini. Huyu mzee alichomoa waya wa betri kwanza, akaniambia, "Mwanangu, tukae kidogo, mfumo wa eabegi unabaki na moto wake hata betri ikitoka." Tukakaa. Ndipo akafungua dashibodi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kipande cha tepu nyeusi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimebandikwa juu ya taa ya eabegi. Hiyo ndiyo kazi waliyofanya nyuma ya banda. Mfumo ulikuwa unapiga kelele tangu Mto wa Mbu, wao wakauziba mdomo. Na mimi siku zote hizo nilikuwa napishana na malori ya Makuyuni nikiamini nina mfuko kifuani.

Chanzo chenyewe alinieleza huku akiwa ameshika kile kifaa mkononi. Nyuma ya usukani kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojikunja ndani ya kasha la plastiki, ili usukani uzunguke bila kukata mawasiliano ya honi na eabegi. Waya wa honi kwenye utepe ule haubebi moto wa honi yenyewe, unapitisha moto kidogo tu wa kuamsha rilei, ile swichi ya umeme inayoipa honi moto wake. Wale mabwana walichukua moto wa kupashia usukani wakaupitisha humo humo. Usukani wangu unakula wati 60. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 5. Waya mwembamba vile ungestahimili wapi? Uliungua, ukayeyusha na njia ya eabegi iliyo jirani yake. Utepe wenyewe niliuona, una kovu la kahawia lililokunjamana. Na fyuzi je, mbona haikukata? Walikuwa wameweka kubwa kupita kiasi.

Nikarudi Arusha na ile tepu mfukoni. Mwenye gereji hakukana. Alisema, "Ulitaka taa izime, imezimwa." Pesa hakurudisha. Akaniahidi punguzo kwenye servisi, kana kwamba nitampa hata tairi alijaze upepo.

Sasa mnataka kujua kama usukani wa joto unafaa. Nilipokaa kuandika nilikusudia kusema msithubutu, kaeni na glavu zenu. Lakini nitakuwa mwongo. Joto lile ni zuri, vidole vyangu ni mashahidi, na mtu mwenye baridi yabisi anayeamka usiku kwa ajili ya barabara anastahili kulipata. Joto halina kosa lolote. Waliokosa ni wale waliojua utepe hauwezi wakapitisha moto, kisha wakaficha taa. Na nikikumbuka ile tepu naona tena hapana, bora vidole viume kuliko kuendesha gari lililozibwa mdomo.

Mzee wa Moshi aliniwekea utepe mwingine mzima, honi imerudi mahali pake, taa ya eabegi inawaka na kuzima kama inavyotakiwa. Nyaya za kupasha bado zimo chini ya ngozi, hazijaunganishwa, na kipupwe bado hakijaisha. Anasema zinaweza kuunganishwa tena kwa utepe wenye njia nene za ziada, zenye fyuzi na rilei zake, moto uje ufunguo ukiwashwa tu ili betri isilale, na eabegi isiguswe. Ila utepe wa namna hiyo unaokaa kwenye Kilitime hajaupata. Kama kuna fundi Arusha au Moshi anayeweza kuniwekea utepe huo mkononi niuone kabla hajafungua skrubu hata moja, aseme, pesa ninayo.