Uzoefu wangu: masomo ya chelo kwa mwalimu anayefundisha watoto hadi wazee

Nimesoma chelo, yaani ala kubwa ya nyuzi nne inayopigwa kwa upinde mpigaji akiwa ameketi, kwa mwalimu huyu muda wa kutosha kuwa na la kusema. Nilianza nikiwa mtu mzima nisiyejua noti ya muziki hata moja, na kabla yangu alikuwa akimfundisha binti yangu, kwa hiyo nimemwona kazini kwa pande zote mbili. Jina lake silitaji. Namna anavyofundisha ndiyo ninayotaka ijulikane, kwa sababu wapigaji hodari ni wengi, ila wanaojua kumfikisha mwingine pale walipo wao ni wa kutafuta kwa tochi.

Maisha yake ya muziki aliyaanzia kwenye okestra. Ualimu hakuupanga: aliombwa kumshikia mwenzake darasa la watoto, mtoto mmoja akamuuliza vidole vinakaaje kwenye upinde, akakosa jibu. Mkono wake ulijua, mdomo haukujua. Basi alipofika nyumbani akaanza kupiga kwa kushika upinde na mkono wa kushoto, ili aonje tena taabu ya siku ya kwanza. Mpaka leo anafanya hivyo darasani. Ukilalamika kwamba vidole havikutii, anahamishia upinde kushoto na kupiga mbele yako, sauti inakwaruza vilevile kama yako, huku anakutajia kidole kinachokaza na bega linalopanda. Sijakutana na mwalimu mwingine anayekubali kupiga vibaya mbele ya wanafunzi wake.

Jambo la pili ni masikio. Chelo haina vigawanyo vya kukuonyesha pa kubonyeza kama gitaa, kwa hiyo wanaoanza hupotea. Watoto wadogo anawabandikia utepe mwembamba mahali pa kidole cha kwanza (cha shahada) na cha nne (kile kidogo), kisha anaubandua mapema kuliko wazazi wanavyopenda. Mtu mzima hambandikii kitu. Nyuzi za chelo, kutoka nene hadi nyembamba, ni C, G, D na A. Mkono ukiwa mahali pake pa kwanza, kidole cha nne juu ya uzi wa D kinatoa noti ya G. Ukikiweka sawasawa, uzi wa G ulio jirani, ambao hukuugusa, unaanza kutetemeka wenyewe na chelo nzima inafunguka sauti. Ukikosea kidogo tu, panakuwa kimya. Alinikalisha kwenye noti hiyo moja karibu somo zima, nisogeze kidole mbele, nirudishe nyuma, hadi nikauona uzi wa jirani ukicheza. Tangu hapo chombo chenyewe ndicho kinachonisahihisha nikiwa peke yangu, na nafuu hiyo siwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kufanya mazoezi bila mwalimu.

Kwa kila rika ana njia yake. Binti yangu alianza na chelo ya robo, yaani saizi ndogo ya watoto, na wiki za mwanzo hakugusa upinde. Alikuwa akidonoa nyuzi kwa vidole na kuimba. Mzazi lazima akae ndani ya chumba, utaratibu unaofanana na ule wa mwalimu wa fidla Shinichi Suzuki wa Japani, na nyumbani mzazi ndiye msimamizi wa mazoezi. (Wazazi wanaotaka kumwacha mtoto mlangoni na kuondoka, huyu si mwalimu wenu.) Kwa wazee anaanzia kwenye viungo. Nimemsikia akimwambia mmoja wao, "Mzee wangu, toa dole gumba kabisa, acha uzito wa mkono ufanye kazi." Mzee akapiga bila dole gumba nyuma ya shingo ya chelo, na ile tabia ya kuminya nyuzi kwa nguvu ikapungua palepale. Mzee huyohuyo aliwahi kuuliza kama hajachelewa. Badala ya kumpaka mafuta, mwalimu alimweleza habari za Pablo Casals, mpigaji chelo mashuhuri, aliyezikuta nota za vipande ambavyo mtunzi Bach aliviandikia chelo pekee katika duka la Barcelona akiwa na umri wa miaka 13, halafu hakuzirekodi zote mpaka miaka ya 1936 hadi 1939, alipokuwa na umri wa miaka sitini hivi. Kisha akamwambia afungue ukurasa.

Kuna mambo yasiyonifurahisha. Nadharia ya kuandika anaipitia juujuu. Anayejiandaa kwa mtihani atahitaji mtu mwingine wa kumsaidia. Darasa la pamoja, ambapo wanaoanza wanapiga nyuzi tupu za chini (bila kuzibonyeza) na waliotangulia wanabeba wimbo, ni zuri kwa mtoto, lakini mwendo unafuata walio nyuma kabisa, na mimi huchoka kusubiri. Masomo kwa njia ya video ndiyo dhaifu zaidi. Programu za mikutano zimetengenezwa kwa maneno, hivyo noti ndefu ya chelo huichukulia kuwa kelele na kuikata katikati. Inabidi uzime kichuja kelele kwenye mipangilio, na hata hivyo hawezi kusikia vizuri kama upinde umekaa karibu mno na daraja la nyuzi. Mimi niliacha video nikarudi kukaa naye chumba kimoja.

Kuhusu chombo, ushauri wake niliufuata na ninaurudia: mtoto akodishiwe, kwa sababu atapanda kutoka robo kwenda nusu, kisha robo tatu, kabla hajafika chelo kamili. Mtu mzima naye akodi kwanza, na kabla ya kulipa amwombe mwalimu akipige chombo hicho, hasa akisikilize karibu na noti za E na F, ambako chelo nyingi hunguruma ovyo. Nafasi za jioni hujaa upesi, kwa hiyo anayefanya kazi mchana aombe mapema.